Saa tatu usiku mtandao unakwenda wapi?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Dar es Salaam kuna ujumbe unaorudi karibu kila jioni: "Jamani, mtandao kwenu upo?" Majibu nayo ni yaleyale. Mmoja atasema mkongo wa baharini umekatika tena. Mwingine atasema hakuna cha mkongo wala nini, kampuni zinabana makusudi ili bando lituishie muda tukanunue jingine. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni kijana aliyegusagusa kompyuta, atashauri uzime simu uwashe. Ikifika saa sita usiku mtandao unarudi wenyewe, watu wameshalala, na kesho yake mjadala unaanza upya.

Hoja mbili za kwanza zina ukweli ndani yake, ndiyo maana hazifi. Mkongo umewahi kukatika kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili inayotuunganisha na dunia, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ile ya upande wa Bahari ya Shamu ilikuwa na majeraha yake tangu Februari mwaka huohuo, kwa hiyo njia ya kukwepea ilikuwa finyu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kubana nako kupo, na kampuni zenyewe zinakiri kwenye masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Lakini mkongo haukatiki kila siku saa mbili na nusu usiku ukajiunga saa sita. Kitu kinachofuata saa namna hiyo kinawafuata watu, si bahari.

Kwa hiyo tuna mambo matatu yanayofanana kwa nje: kukatika, kubanwa na msongamano. Makala haya ni ya hilo la tatu zaidi, kwa sababu ndilo la kila siku na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Kwanza tukubaliane maneno. Uwezo wa njia ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, na hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps. Bando lako, kwa upande mwingine, linahesabiwa kwa megabaiti na gigabaiti, na baiti moja ni biti nane. Njia ya Mbps 8 inaleta megabaiti moja tu kwa sekunde. Wengi hulalamika wakiona laini ya Mbps 20 ikishusha faili kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, kumbe wanapata kila walicholipia.

Ucheleweshaji ni muda ambao ujumbe mmoja hutumia kwenda na kurudi, na wenyewe hauhusiani na ukubwa wa bando. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukiwa Dar na seva, yaani kompyuta inayohifadhi unachokifuata, iko Ulaya, njia ya baharini ni zaidi ya kilomita 10,000, hivyo kwenda na kurudi tu kunamaliza milisekunde 100 kabla hata hakujatokea foleni yoyote. Ndiyo maana mtu mwenye faiba nzuri, yaani intaneti ya waya wa nyuzi hadi nyumbani, bado anaona mchezo wa mtandaoni unakwamakwama, huku sinema ikienda bila shida.

La mwisho ni pakiti. Picha, wimbo, simu ya video, vyote hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na anwani yake. Pakiti ya kawaida haizidi baiti 1,500 hivi. Picha ya megabaiti tatu ni kama pakiti 2,000, kila moja ikisafiri kivyake na kuunganishwa upya kwenye simu ya mpokeaji.

Sasa twende Feri, pale Magogoni. Pantoni lina nafasi yake, likijaa limejaa. Abiria wakifika mmoja mmoja, kila mtu anapanda na kuvuka, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa foleni. Ofisi zikifungwa, wanafika kwa pamoja na kujazana kwenye eneo la kusubiria. Eneo hilo linasaidia, kwa sababu aliyekosa pantoni hili atapanda linalofuata. Ila nalo lina ukomo, na likifurika geti linafungwa. Mtandao unafanya kazi hivyohivyo. Eneo la kusubiria ni kumbukumbu ndogo ndani ya ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti njia, na pakiti zinazolikuta limejaa hazirudishwi nyumbani kwa heshima: zinatupwa. Kompyuta iliyozituma haipati uthibitisho kwamba zimefika, kwa hiyo inazituma tena, safari hii ikipunguza mwendo.

Hilo la kupunguza mwendo lina historia yake. Oktoba 1986, mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majirani wasiofika nusu kilomita, uliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Nyaya zilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba kila mashine iliyokosa jibu ilituma tena kwa nguvu ileile, nyingine zote zikafanya vilevile, hadi njia ikajaa marudio matupu. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels wakaandika kanuni mpya, zilizochapishwa mwaka 1988: pakiti ikipotea, punguza, zikifika salama, ongeza kidogokidogo. Kila simu ya Kariakoo leo inaishi kwa adabu hiyo au ndugu zake. Kabla kampuni yoyote haijagusa kitufe, simu yako yenyewe imeshaanza kujibana.

Uwezo mmoja, wanunuzi wengi

Hapa ndipo hasira za watu zinapochemka, kwa hiyo tuende taratibu. Kampuni huuza uwezo uleule kwa watu wengi kuliko unavyoweza kuwahudumia kwa pamoja. Haifanyi hivyo kwa siri, na hakuna mtandao wa umma duniani unaoendeshwa tofauti. Sababu ni kwamba hatutumii kwa wakati mmoja. Unaposoma habari, simu inapokea data kwa sekunde mbili tatu kisha inakaa kimya dakika nzima ukisoma. Kumtengea kila mtu njia yake peke yake kungefanya bei ya intaneti ya nyumbani ifanane na kodi ya nyumba.

Chukua mnara wa 4G. Kwa kawaida antena zake zimegawanywa pande tatu, na kila upande una masafa yake. Upande wenye masafa ya megahezi 20, kwa mpangilio wa kawaida wa antena mbili, una kilele cha Mbps 150 kwenye karatasi. YouTube wanashauri Mbps 2.5 kwa video ya ubora wa 720. Gawanya: watu 60. Watu sitini wa Mbagala wakiangalia video saa tatu usiku wanamaliza upande mzima wa mnara, na hapo nimekupa kilele cha karatasi, ambacho mtaani hakifikiwi. Sitini hawajazi hata mtaa mmoja.

Hakifikiwi kwa nini? Mnara wa 4G hugawa muda vipande vya milisekunde moja moja, na katika kila kipande huamua simu zipi zipewe masafa. Simu iliyo karibu na inayousikia mnara vizuri inabeba data nyingi ndani ya kipande kimoja. Simu iliyo mbali, au iliyo ndani ya nyumba yenye kuta nene nyuma ya ghorofa, inahitaji vipande vingi zaidi kubeba data ileile. Maana yake ni kwamba jirani anayeangalia mpira chumba cha nyuma, ambako mawimbi yanafika kwa shida, anakula muda mwingi wa mnara kuliko wewe uliyekaa kibarazani. Bila kujua, na bila kosa lolote.

Na jiji lenyewe linahama. Mchana watu wako Posta, Kariakoo, Ubungo, viwandani na vyuoni. Jioni wanarudi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Goba, Tegeta, Chanika. Minara ya katikati ya jiji inabaki na walinzi na wauza kahawa, wakati ya pembezoni inabeba familia nzima: baba kwenye mpira, mama kwenye simu ya video na dada aliye Mwanza, watoto wawili kila mmoja na skrini yake. Uwezo wa Posta hauwezi kupakiwa kwenye gari ukapelekwa Kimara. Kwa hiyo hata kampuni ikisema, na ikawa kweli, kwamba mtandao wake kwa ujumla una nafasi, wewe wa Goba unaweza usiione nafasi hiyo.

Umeme ukikatika mambo yanazidi kuwa magumu, na hili sijaona likisemwa sana. Ruta za majumbani zinazima, wote waliokuwa kwenye faiba wanahamia kwenye data ya simu kwa dakika moja. Wakati huohuo mnara wenyewe umehamia kwenye betri au jenereta, na baadhi ya mitambo ya minara hupangwa kuzima sehemu ya masafa ili betri idumu. Mzigo unapanda, uwezo unashuka. Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wanakumbuka jioni zile.

Faiba nayo si ya peke yako, japo kwenye matangazo inaonekana kama bomba binafsi. Mfumo uliozoeleka wa faiba za majumbani, GPON, hupeleka kama gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenye uzi mmoja, kisha uzi huo hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikishusha kwa nguvu zote kwa wakati mmoja, kila moja inapata kama Mbps 39. Hilo halitokei mara nyingi, kwa hiyo kwenye faiba uzi wa mtaani ni nadra kuwa ndio tatizo. Tatizo huwa mbele zaidi, kwenye njia ambayo kampuni imekodi kutoka mtaani hadi kituo chake au kutoka nchini hadi nje. Au huwa nyuma zaidi, sebuleni kwako.

Kampuni hufanya nini saa hizo

Jambo la kwanza ni kugawa kwa haki. Mitambo hupangwa ili mtu mmoja anayeshusha mafaili makubwa asimeze upande mzima wa mnara huku wengine wakishindwa kufungua hata ukurasa wa habari. Njia inapojaa, mwenye matumizi mazito hupunguzwa mwendo kwanza. Kwake itaonekana ameonewa. Kwa wengine hamsini itaonekana mtandao "umejitahidi".

La pili ni kipaumbele. Pale Magogoni gari la wagonjwa halikai foleni, na hakuna anayelalamika. Kwenye mtandao, simu za sauti zinazobebwa na kampuni yenyewe hupita mbele, kwa kuwa sauti haiwezi kungoja: pakiti ya sauti iliyochelewa nusu sekunde haina kazi tena. Video ya YouTube inaweza kungoja, kwa sababu simu yako imeshachukua akiba ya sekunde kadhaa za mbele. Sasisho la programu linaweza kungoja hadi alfajiri. Ila simu ya WhatsApp, kwa macho ya mtandao, mara nyingi ni data ya kawaida kama nyingine. Ndiyo maana saa tatu usiku simu ya kawaida inasikika vizuri na ya WhatsApp inakatikakatika, ukiwa mtandao uleule, umekaa palepale.

Kuna swali la haki hapa ambalo haliishi. Kupanga foleni ni jambo moja, kuchagua ni nani apite kwa sababu ya biashara ni jingine. Marekani mwaka 2007 kampuni ya Comcast iligundulika ikivuruga miunganisho ya watumiaji wa BitTorrent, mfumo wa watu kupeana mafaili makubwa, bila kuwaambia. Mwaka 2008 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, iliiamuru iache, na mwaka 2010 mahakama ikaibatilisha amri hiyo kwa hoja ya mamlaka ya FCC kisheria. Mimi ninaona mstari upo kwenye kusema au kutosema. Kampuni inayosema wazi "saa za msongamano tunapunguza kasi ya mafaili makubwa" inasimamia foleni. Inayofanya hivyohivyo kimyakimya, kisha dawati la huduma likakuambia ubadilishe mipangilio ya simu, inakuchezea.

La tatu ni lile ninaloliona la maana kuliko yote, na halionekani kabisa: kuleta vitu karibu. Kama bidhaa uliyokuwa unaifuata Kariakoo inauzwa Kigamboni, huna sababu ya kupanda pantoni. Google, Netflix na Meta wana mpango wa kuweka seva zao ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti, zikiwa zimebeba video na picha zinazotazamwa zaidi. Seva za Netflix hujazwa saa ambazo njia hazina watu, usiku wa manane, ili jioni video moja inayotazamwa na watu elfu isivuke bahari mara elfu. Kwa ndani pia kuna kituo cha kubadilishana data, TIX, kilichopo Dar es Salaam tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Bila kituo kama hicho, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja pale Upanga kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine pale Masaki ingeweza kupitia Ulaya kabla ya kurudi umbali wa kutembea kwa miguu.

Hilo ndilo linalofafanua fumbo moja linalowachanganya watu mkongo unapopata hitilafu: mbona YouTube inafunguka na barua pepe ya ofisi imegoma? Kinachofunguka kina nakala hapa nchini. Kilichogoma kinakaa nje, na kinasukumana kwenye njia iliyobaki.

La nne ni bei, na hili kila mwanachuo analijua hata kama halijui kwa jina hilo. Bando la usiku ni rahisi si kwa huruma. Minara inawaka usiku kucha, njia za baharini zimeshalipiwa, na saa tisa alfajiri hakuna anayezitumia. Kukuuzia gigabaiti nyingi kwa bei ya chini saa hizo hakuigharimu kampuni karibu chochote, na kila sinema unayoishusha alfajiri ni sinema ambayo hutaishusha jioni. Ni usimamizi wa foleni kwa kutumia mfuko wako.

Kisha kuna kuongeza uwezo: masafa mapya, antena zaidi, mnara mpya katikati ya miwili iliyoelemewa, faiba badala ya mawimbi kati ya mnara na mnara. Hii ndiyo dawa halisi na ndiyo ghali. Minara inayounganishwa kwa mawimbi ya masafa ya juu ina udhaifu mwingine, mvua kubwa ya masika hupunguza uwezo wa mawimbi hayo. Anayesema "mvua ikinyesha tu mtandao unasumbua" si mshirikina.

Wakati mwingine hata wenye video hushiriki kupunguza mzigo. Machi 2020, Ulaya ilipojifungia ndani kwa korona, Netflix ilikubali ombi la Umoja wa Ulaya na kushusha ubora wa video kwa siku 30, ikikadiria kupunguza mzigo wake kwa asilimia 25. YouTube nayo ikafuata. Kwa kawaida kazi hiyo inafanywa na programu yenyewe kila sekunde: ikiona pakiti zinachelewa, inashuka kutoka 720 hadi 480, kisha 360. Ukiona nyuso za wachezaji zimekuwa ukungu badala ya kile kiduara kinachozunguka, ujue programu imechagua uone vibaya kuliko usione.

Na bando "lisilo na kikomo"? Lina kikomo, ila kimewekwa kwenye kasi badala ya kwenye kiasi. Masharti husema ukifikisha gigabaiti kadhaa, kasi itashushwa hadi mwisho wa muda wa bando. Huku ndiko kubanwa kwenyewe, na dalili zake ni tofauti na za msongamano. Msongamano unaondoka usiku wa manane. Aliyebanwa atapima saa kumi alfajiri, mji mzima umelala, na kasi itakuwa ileile ya jioni, imesimama kwenye namba moja kama imepigwa rula.

Yanayosemwa vijiweni

"Nina vijiti vyote vinne, kwa hiyo mtandao uko vizuri." Vijiti vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Havijui kabisa mnara una wateja wangapi. Siku ya Simba na Yanga, Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi za watu 60,000, utaona vijiti vimejaa na picha haitoki, kwa sababu maelfu wanajaribu kupandisha video ya bao lilelile kwa dakika ileile. Njia ya kupandisha huwa nyembamba kuliko ya kushusha.

"Mtandao ukiwa mzito bando linaisha haraka." Mara nyingi ni kinyume. Njia ikiwa nzito, programu hushusha ubora na hutumia data kidogo kwa saa moja ya kutazama. Bando hukimbia pale mtandao unapokuwa mzuri, video zikapanda zenyewe hadi 1080 na zile fupi zikajipakia kabla hujazigusa. Ni kweli pakiti iliyohesabiwa kwenye mitambo ya kampuni kisha ikapotea njiani inaweza kuhesabiwa tena ikirudiwa, lakini huo ni uchache, haumalizi gigabaiti mbili. Mtafute kwanza mtoto, kisha masasisho ya programu, kisha hifadhi ya picha inayojipandisha yenyewe. Sisemi malalamiko yote ya bando hayana msingi. Zogo la Aprili 2021 kuhusu bei mpya za vifurushi, lililofanya Serikali izisimamishe, lilikuwa na hoja zake. Ila lilikuwa la bei, na bei si foleni.

"5G itamaliza kila kitu." Inaleta masafa mapana, na mwanzoni yana watu wachache, ndiyo maana yanapepea. Mnara huohuo ukiwa umeunganishwa nyuma kwa njia iliyoelemewa, simu ya laki kadhaa itangoja pamoja na ya elfu themanini.

"Tumia VPN, watashindwa kukubana." Inaweza kuficha unatazama nini. Haiongezi hata biti moja kwenye mnara, na inaongeza safari, kwa kuwa data yako inapitia kwanza kwenye seva ya nchi nyingine. Wanaosema iliwasaidia huenda walikuwa kwenye njia iliyojaa, na VPN ikawapitisha pengine. Hutokea. Si kanuni.

Kabla hujampigia mtu simu

Fundi mmoja wa faiba niliyemkuta kazini Sinza ana namna yake ya kumaliza ubishi. Mwenye nyumba alikuwa ameshakasirika: analipia Mbps 20, simu inaonyesha nne. Fundi hakujibu. Alitoa waya kwenye begi, akachomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye ruta, akapima: kumi na tisa na ushei. Kisha akamwonyesha kwenye simu orodha ya waifai zinazosikika pale sebuleni, ikawa ya kuteremsha kwa kidole. Zote zilikuwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo kwa uhalisia yana nafasi tatu tu zisizoingiliana. Nyumba za ghorofa tatu zilizobanana, kila mpangaji na ruta yake, zote zinapiga kelele kwenye nafasi hizo tatu. Akahamishia simu kwenye gigahezi 5, akaitoa ruta nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya kabati, akaondoka. Mwenye nyumba alikuwa amejiandaa kugombana na akakosa wa kugombana naye.

Njia hiyo ya fundi inafaa kwa yeyote. Pima saa kumi na moja alfajiri, pima tena saa tatu usiku, sehemu ileile, na kwa faiba tumia waya. Alfajiri nzuri na usiku mbaya ni msongamano. Zote mbaya kwa namba ileile, angalia masharti ya bando. Zote mbaya kwa namba zinazorukaruka, tafuta tatizo kwenye kifaa, waya au mawimbi. Kisha linganisha na laini ya kampuni nyingine. Ikiwa moja inapeta na nyingine imelala, ni mnara au njia ya hiyo moja. Zote zikiwa zimelala kwa tovuti za nje na za ndani zinafunguka, hapo sasa unaweza kuanza kuutaja mkongo.

Jambo linaloniudhi ni kwamba mabango yote ya jiji hili yanataja kasi ya juu kabisa. Kasi ya saa tatu usiku Mbagala sijawahi kuiona kwenye bango lolote. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa nchini, ina kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018, na vipimo hufanyika, lakini mteja anayechagua laini leo anahitaji namba ya jioni ya mtaa wake, si wastani wa mkoa. Mpaka ipatikane, namba ya jioni itabidi uitengeneze mwenyewe.

Malalamiko huanzia kwa kampuni. Usiporidhika na majibu, ndipo unayapeleka TCRA. Kwenda na maneno "mtandao unazingua" hakusaidii, dawati litakuandikia uzime simu uwashe. Nenda na picha za vipimo vya siku kadhaa zenye saa na tarehe, jina la mtaa, na kama ni ndani au nje ya nyumba. Mafundi wa mitambo wanaweza kuoanisha saa hizo na mzigo wa mnara wako, wakaona kama upande wenu umejaa. Kwa faiba, kipimo kiwe cha waya, bila hivyo watakuambia tatizo ni waifai yako, na mara nyingi watakuwa wamesema kweli.